Uzio Uliogandisha Midomo

Nilipopangiwa kufundisha Nyegezi, chumba nilichopata kilikuwa ndani ya uzio wa miiba. Sikukichagua kwa ajili ya uzio. Kilikuwa na dirisha lenye wavu wa mbu, na mama mwenye nyumba hakuniuliza nitaolewa lini. Aliniuliza jambo moja tu.

"Mwalimu, una mbuzi?"

"Sina, mama."

"Basi karibu. Mbuzi akishauonja uzio wangu, mimi na mwenye mbuzi hatusalimiani tena."

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Maduka ya mjini Mwanza, ambayo nilipokuwa mwanafunzi yalikuwa na rafu tupu na muuzaji anayesinzia, sasa yalijaa mpaka mlangoni. Kulikuwa na mitumba, redio za kila ukubwa, na juisi za unga za pakiti: pakiti moja iligeuza ndoo nzima ya maji kuwa ya rangi ya chungwa, na ulimi wako pia, hadi kesho yake. Mtoto wa kwanza wa mama mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita kaka, alikuwa ameingia kwenye biashara ya mabondo. Bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwa sangara. Zamani kilitupwa ufukweni kikaliwa na ndege. Sasa kilikaushwa, kikafungwa kwenye magunia na kusafirishwa nchi za mbali. Kwa mabondo kaka alinunua pikapu, na baada ya kununua pikapu akaanza kuuonea aibu uzio wa mama yake.

Uzio wenyewe ulikuwa wa muyonza. Ndivyo mama alivyouita, yeye mzaliwa wa Ukerewe, na Wahaya nimewasikia wakiuita hivyo hivyo. Jirani yetu Mjaluo aliuita ochuoga. Kama hujawahi kuuona, kuutambua si kazi ngumu. Ni mti mfupi, karibu uuite kichaka, wenye matawi yanayoshikana kama watu waliokataa kuachana. Majani yake ni ya kijani kilichoiva, yanang'aa, na yamekaa mawili mawili yakitazamana. Miiba yake imenyooka na ni mirefu, mmoja unaweza kushonea gunia. Ukivunja tawi, unatoka utomvu mweupe kama maziwa. Maua yake ni madogo, meupe yenye wekundu kidogo kwa nje, na asubuhi yalinukia hata nikaacha kununua manukato, jambo ambalo mshahara wangu ulilishukuru.

Halafu kuna matunda. Yanaanza ya kijani, yanakuwa mekundu, kisha yanaiva yakawa ya zambarau iliyokolea inayokaribia weusi, kila moja na ukubwa wa punje nene ya mahindi. Matamu, na yana uchachu kidogo mwishoni, wa kukuomba uchukue jingine. Somo la kwanza mama alilonipa lilikuwa juu ya miiba. Alinionyesha uzio wote, akanishika mkono akasema, "Huko porini ukikuta tunda linalofanana na hili kwenye mti usio na miiba, liache hapo hapo. Huo ni mti mwingine, wawindaji walipaka sumu yake kwenye mishale yao." Nami nakuambia wewe kama alivyoniambia. Kwanza tafuta mwiba, ndipo utafute tunda, na kama huna uhakika, muulize anayeujua.

Mimi niliupendea uzio ule sababu nyingine. Shuleni nilifundisha sayansi, na kabati la maabara yetu lilikuwa na mzani mmoja mbovu na ufunguo uliopotea. Siku moja nilikamua matunda ya muyonza kwenye glasi mbili, nikaingiza limao katika moja na magadi katika nyingine. Ya limao ikawa nyekundu ya kuwaka. Ya magadi ikaingia kwenye ubuluu, kisha ikageuka kijani kibichi. Darasa zima likasimama juu ya madawati. Tangu siku hiyo somo la asidi na besi halikunipa shida tena. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba rangi hiyo hiyo inayogeuka ndiyo ambayo wataalamu wanaisifu: ina kemikali zinazosaidia kuzuia ule uharibifu mdogo mdogo wa ndani ya mwili, ambao unaweza kuufananisha na ndizi iliyomenywa inavyobadilika rangi ikiachwa hewani. Sisemi ni dawa ya kila kitu. Nasema tu kwamba tulikuwa tunakula kitu kizuri bila kukijua jina.

Sasa, shida ilianza mdogo wake kaka, binti wa mwisho wa mama, alipopata mchumba. Kijana alitoka Misungwi, kwenye familia ya wafugaji, na watu wake walileta habari kwamba wangekuja Jumamosi kuzungumza mahari. Wiki mbili kabla, kaka alifika na pikapu imejaa matofali ya saruji, akayapanga mbele ya nyumba bila kusalimia.

"Mama, wageni wakikuta huu mchongoma, watauliza ng'ombe wako wapi."

"Waambie ng'ombe wanakuja nao wao," mama akasema, huku akiendelea kupepeta mchele.

"Mimi sitanii. Watu siku hizi wana ukuta. Ukuta, na geti la chuma. Mdogo wangu ataposwa kwenye zizi?"

"Wewe mwenyewe ulilelewa kwenye zizi hilo, na pembe hazikuota."

Alisema kwa utani, lakini niliona mkono umesimama juu ya ungo. Mbegu za uzio ule alikuja nazo yeye na marehemu mumewe kwa meli kutoka Ukerewe, zikiwa zimefungwa kwenye kitambaa cha mkononi, mwaka walipohamia Nyegezi. Walipanda pamoja, upande mmoja yeye, upande mwingine mume, wakakutana mlangoni. Mume alikuwa amezikwa miaka sita kabla, na upande wake bado ulizaa kuliko wa mama. Mama hakupenda kulisema hilo mbele ya mwanawe. Aliniambia mimi, tena kama anayezungumzia bei ya dagaa.

Walibishana siku tatu. Ya nne wakapatana, na mimi nilikuwepo. Wageni wangepokewa na uzio ulivyo, na wangenyweshwa juisi ya uzio huo. Wakiudharau, hata kwa neno moja, Jumatatu kaka alete watu wenye mapanga na mama asitoke nje kuwazuia. Wasipoudharau, matofali yatafutiwe kazi nyingine. Kaka alikubali haraka, kwa sababu hakuwa na shaka na majibu ya wageni. Watu wa mapanga aliwaagiza siku hiyo hiyo.

Hapo ndipo mimi nilipoingia na elimu yangu.

Juisi ya muyonza ina utaratibu wake. Unachuma alasiri, jua likiwa limekwisha kuupunguza utomvu, maana alfajiri mti umejaa maziwa hadi kwenye vikonyo. Unayatandaza matunda kwenye ungo yalale hapo usiku kucha, ule utomvu wa kwenye kikonyo ukauke na kukwanguka. Asubuhi unachemsha maji peke yake, unayaacha yapoe kabisa, ndipo unayatia matunda na kuyavunja kwa mkono polepole, bila kuponda mbegu. Unachuja. Basi. Tunda lenyewe haliendi motoni.

Mama alinieleza yote hayo Ijumaa mchana akiwa amesimama mlangoni na kanga begani, kwa sababu kulikuwa na msiba kwa jirani na ilimpasa kulala huko. "Mwalimu, nakuachia wewe," akasema. "Chuma leo."

Sikuchuma siku hiyo. Nilikuwa na madaftari sabini ya kusahihisha. Nilichuma Jumamosi alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, na nilijisifu kwa kuamka mapema. Kuyalaza kwenye ungo hakukuwezekana tena. Na kuhusu moto, nifanyeje? Mwaka mzima nilikuwa nimesimama mbele ya watoto nikiimba nao: chemsha, chemsha, chemsha. Kipindupindu kilikuwa kimepita mtaani kwetu miezi michache kabla. Nilijiambia kwamba mama ni mtu mwema, lakini hakusoma habari za vijidudu. Nikatia matunda yote kwenye sufuria kubwa ya shughuli, nikayachemsha hadi povu la zambarau likanyanyua mfuniko.

Nilichuja ikiwa ya moto. Ilikuwa juisi nzuri ya kutazama, nyeusi inayong'aa wekundu ukiiinua kwenye mwanga. Nilionja kijiko, tamu. Binti akaonja, akasema tamu. Tukaiweka kivulini ipoe. Jambo ambalo mwalimu wa sayansi alipaswa kulijua ni kwamba utomvu ule ukichemka unakuwa ulimbo, ule ule wa kunasia ndege. Ulimbo wa moto ni laini, unapenya kwenye kitambaa bila kuonekana. Ukipoa, unakumbuka kazi yake.

Wageni walifika saa sita. Walikuwa wanaume wanne na mwanamke mmoja, shangazi wa kijana, mama mnene mwenye sauti nzito. Kati ya hao wanne, aliyetangulia alikuwa mshenga, mzee mwembamba wa suti ya kahawia, ambaye sifa zake za kuongea zilikuwa zimefika Nyegezi kabla yake. Tukatoa shikamoo zetu, wakaitikia marahaba zao, wakaketi chini ya turubai. Shangazi alikuwa amebeba kibuyu kilichofungwa kwa kanga. Mshenga akakichukua na kukiweka juu ya kigoda, katikati ya watu.

"Hii ni samli," akasema. "Kwa desturi ya ukoo wetu, kibuyu hiki kinafunguliwa tukishakubaliana. Tusipokubaliana, kinarudi Misungwi na basi la jioni, kama kilivyokuja."

Nikapitisha glasi. Mshenga alikuwa na kiu ya safari, akashusha yake yote kwa pumzi moja. Kaka naye, kwa kuonyesha kwamba anatimiza mapatano, akamaliza yake akiangalia pembeni. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka msibani, akaketi, akanitazama kwa furaha. Shangazi peke yake alikunywa kidogo kidogo, kama mtu anayesikiliza.

Mshenga akasimama, akarekebisha koti.

"Ndugu zetu wa Nyegezi," akaanza, "sisi tumetoka mbali, na mtu aliyetoka mbali..."

Akanyamaza. Akajifuta mdomo kwa leso. Leso ikabaki mdomoni. Akaivuta, ikaacha manyoya meupe kwenye mdomo wa juu, na alipofumba mdomo ili ajaribu tena, haukufumbuka. Wale wanaume watatu wakaanza kujigusa midomo. Kaka alikuwa anasaga meno polepole, akiwa amekodoa macho, kama anayetafuna kitu ambacho hakukitia kinywani. Nikasikia mitumbwi ikigongana huko chini ziwani.

Mama akanigeukia, sauti chini.

"Mwalimu. Umeyachemsha?"

"Nimeyachemsha, mama. Kwa usalama."

"Usalama wa nani?"

Nilimtazama yeye, kisha uzio, na nikaona Jumatatu inakuja na mapanga yake, na mimi ndiye niliyeiita.

Shangazi ndiye aliyeokoa. Aliweka glasi yake chini, akasema kwa ile sauti nzito, "Haya ni maziwa ya mti. Maji hayafui dafu hapa. Leteni mafuta."

Binti akakimbilia jikoni, akarudi mikono mitupu. Mafuta yote yalikuwa yameishia kwenye sato wa kukaanga. Kwa hiyo watu wote, bila mtu kusema kitu, wakakitazama kibuyu.

Mshenga akaona tunakotazama. Akainua kidole, akakitikisa: hapana, hapana, hapana.

"Wewe nyamaza," shangazi akamwambia, ingawa alikuwa hajasema neno. Akakivua kibuyu kanga yake, akakifungua, akachovya kidole na kumpaka mshenga midomo kama anavyopakwa mtoto anayetoka kuoga. Kibuyu kikazunguka. Kila mtu akachovya, akapaka, akasugua, na harufu ya samli ikajaa chini ya turubai. Ulimbo ukaanza kutoka vipande vipande. Wa kwanza kucheka alikuwa mmoja wa wale wazee watatu, kicheko cha mtu aliyezibwa kisha akazibuliwa, na hapo hakuna aliyejizuia, hata mama.

Mshenga alipopata mdomo wake, aliketi badala ya kusimama.

"Mnaniharibia kazi," akasema. "Nilikuwa na hotuba ya saa nzima. Kibuyu kimeshafunguliwa, kwa desturi maana yake tumekubaliana. Sasa niseme nini?"

"Ng'ombe hatujawataja," mama akasema.

"Tutawataja, mama. Lakini taratibu. Mdomo sasa unateleza, naweza kutaja wengi kuliko tulionao."

Waliwataja, na haikuchukua muda. Lakini mimi sikusikiliza hesabu, kwa sababu kaka alikuwa bado hajasema lake, na nilijua anangoja. Mwishowe akajipangusa mikono.

"Wazee wangu, mtusamehe," akasema. "Mmeona wenyewe. Uzio wenyewe ni miiba, matunda yake yanafunga watu midomo. Mimi nataka kujenga ukuta. Nyinyi mnaonaje?"

Lilikuwa swali la kuwategea, na mama hakulipinga. Alikunja mikono mapajani. Mshenga akainuka, akaenda hadi kwenye uzio, upande ule wa marehemu, akasimama akiwa ametupa mgongo. Aliinamisha tawi kwa kidole, akikwepa miiba kama mtu anayeijua. Kwa Kisukuma aliutaja mti ule kwa jina lake, jina ambalo nililisahau kabla ya jua kuzama na mpaka leo najilaumu.

"Kwetu ulikuwepo," akasema bila kugeuka. "Tulipokuwa wadogo. Tukaukata kuni, tukaukata mkaa, tukapanda pamba. Marehemu mama alikuwa anaweka kipande cha mzizi ndani ya mtungi, maji yananukia mpaka unayanywa huna kiu." Akageuka kumtazama mama. "Mama, naomba mzizi. Kidogo tu."

Shangazi akadakia kutoka kitini pake. "Na miche. Binti yetu aje na miche kumi, nitampokea mimi mwenyewe. Na wewe, kijana wa ukuta, ukuta wako unazaa nini?"

Watu wakacheka tena. Kaka alikuwa na vipande vya ulimbo kwenye masharubu. Alijaribu kuweka uso wa biashara, ukamshinda, akainua mikono yote miwili.

"Nimekubali, shangazi. Nimekubali kabla sijapakwa tena."

Mama alikwenda kuchukua jembe mwenyewe. Alipoinama ndipo nilipoona machozi, akayafuta kwa mkono wenye udongo. Halafu akaniita karibu ili nione, kwa kuwa alijua ninapenda kujua. Mzizi wa muyonza unachukuliwa kutoka pembeni, hatua moja mbali na shina, si mkubwa kuliko kidole gumba. Unakata mmoja tu kwa kila mti, unarudishia udongo na kuushindilia kwa kisigino. Mzizi mkuu hauguswi. Tulipoupangusa ule mzizi, ulitoa harufu tamu ambayo siwezi kuifananisha na kitu. Unaweza kuchemshwa kwenye supu ya mtu mwenye kikohozi, au kutiwa tu mtungini kama alivyofanya mama wa mshenga. Mzee aliufunga kwenye ile leso yenye ulimbo, akauweka mfuko wa ndani wa koti.

Sufuria ya shughuli niliisugua Jumapili nzima kwa mchanga na majivu bila kupata chochote, hadi mama akanihurumia na kunirushia kitambaa chenye mafuta. Ulimbo ukatoka kwa dakika tano. "Na hilo kawafundishe," akasema.

Nimewafundisha wengi. Leo nina kiwanja changu Buswelu, na uzio wake umetokana na mbegu za ule wa Nyegezi. Wapita njia huniuliza nitajenga ukuta lini. Huwapa matunda, wakaacha kuuliza.

Jumatatu ile, saa moja asubuhi, watu watatu wenye mapanga walipiga hodi. Katika furaha ya mahari kaka alikuwa amesahau kuwaambia wasije. Alitoka akiwa na mswaki mdomoni, akawatazama, akayatazama matofali yake, kisha akawaonyesha nyuma ya nyumba, ambako choo chetu kilikuwa kimeegemea upande tangu mvua za mwaka uliopita. Wakaweka mapanga chini, wakachukua majembe na kuanza kuchimba. Kilikuja kuwa choo imara kuliko nyumba yenyewe.

Saa nne mama aliwapelekea juisi, aliyoitengeneza yeye kwa utaratibu wake. Lakini habari za Jumamosi zilikuwa zimeshafika mtaani. Yule mkubwa wao akaipokea glasi, akaitazama, akagusa juisi kwa ncha ya ulimi. Akafumba mdomo, akafumbua. Wenzake wawili walikuwa wameshikilia majembe wakimsubiri, wasikie kama ataweza kusema asante.

Akasema asante, na akaomba nyingine.